Zabibu za Mususa Zafika Kasindi

Kila anayeingia sebuleni kwangu siku hizi anaona sanduku la sabuni mahali ambapo zamani palikuwa na kiti, na kila mmoja ana swali lake. Wenye adabu wanauliza kama ni la kuwekea vitabu. Jirani yangu Katembo, ambaye adabu ilimpita mbali, aliuliza kama vita vimenifilisi kiasi hicho. Nimesimulia habari ya sanduku hili vipande vipande, mke wangu Masika akinisahihisha mambo ambayo hata hakuyaona, mpaka nimechoka. Basi naiandika mara moja, ili wanaouliza wasome na waniache ninywe chai.

Wengi wenu mnajua kwamba nilisoma historia Lubumbashi, na kwamba kazi yangu ya kumaliza masomo ilihusu misikiti ya kwanza kabisa, ile iliyojengwa Waislamu walipotoka Arabuni na kuzitwaa Shamu, Misri na Afrika ya Kaskazini. Mkatoliki wa Butembo, mtoto wa mkulima wa viazi, mtu ambaye hajawahi kuiona bahari, nikajaza kurasa nzima juu ya nguzo za msikiti wa Kairuani. Baba alipoambiwa, aliuliza kama chuo kikuu hakikuwa na jambo lolote la kusoma kuhusu maharagi. Kwa miaka mingi nilimpa haki. Elimu ile ilinifaa kwenye misiba tu, watu walipokuwa wamechoka kulia na wanataka kitu cha kuwaletea usingizi.

Halafu Hadji Ramazani akabisha mlangoni.

Mususa

Hadji Ramazani ni msafirishaji wa Beni mwenye lori moja, Fuso ya bluu. Yeye na wafanyabiashara wenzake walikuwa wamejenga upya msikiti mdogo wa mbao pale Kasindi, mpakani, baada ya ule wa kwanza kuharibiwa vita vilipopita. Kuta zilikuwepo, mabati yalikuwepo, lakini mahubiri ya Ijumaa yalitolewa juu ya sanduku la sabuni. Waislamu wa Bwera, ng'ambo ya mpaka, ndugu zetu tunaoelewana nao kwa lugha moja, walikuwa wamealikwa kwenye ufunguzi. Nao kwa ukarimu, na kwa kicheko kidogo, walisema wangekuja na mimbari yao ya zamani, kwa kuwa wao walishapata mpya.

"Prof," Hadji aliniambia, "sisi hapana batu ba kuvaa viatu bya wengine. Siku ile ya Ijumaa tutakuwa na mimbari yetu, ao nitajificha chini ya Fuso. Weye ulisomea misikiti. Unichoree."

Nilichora usiku na mchana kwa furaha ya mtu aliyesubiri kuitwa maisha yake yote. Mimbari za kwanza hazikuwa na paa wala mnara. Zilikuwa ngazi chache na kiti juu, basi. Nilichora ngazi, kiti, na pande mbili za mbao. Kwenye pande hizo niliandika: *mapambo ya majani*. Mchoro nikaupeleka kwa Fundi Kasereka, hapo mtaa wa Mususa.

Asiyemjua Kasereka hajawahi kupiga magoti katika kanisa la huku kwetu. Altare ni zake, vitubio vya kuungamia dhambi ni vyake, na kwa kuwa ni vita, majeneza mengi pia. Ni mtu mkubwa, sauti kubwa, na hana haya ya kujisifu. "Nikichonga mie," anasemaka, "padri anasahau mahubiri." Na ana desturi yake, ambayo ni desturi ya parokia zetu zote: altare mpya huondoka karakana ikiwa imefunikwa mashuka meupe, na hakuna anayeiona mpaka siku ya kubarikiwa, mbele ya watu wote. "Kitu ya Mungu inafunuliwa pahali pake," alisema. Hadji, ambaye hajawahi kununua altare, aliona ni jambo la heshima na akakubali. Mimi niliona ni jambo la kawaida. Ndivyo ilivyotokea kwamba mnunuzi na mchoraji, wote wawili, tulipakia kwenye Fuso kitu tusichokiona, kimefungwa mashuka, juu yake turubai, juu yake kamba.

Safari yenyewe: Butembo hadi Beni, Beni hadi Kasindi. Wakati wa amani mtu hufika siku hiyohiyo na kulalamika kwamba amechelewa. Sisi tuliondoka Jumanne ili tuiwahi Ijumaa, na watu walituambia tuna haraka ya bure. Hadji aliendesha mwenyewe, kwa sababu dereva wake alisema kamba za vizuizi njiani ni nyingi kuliko za duka la kamba. Kasereka alikuja kwa sababu hamwamini mtu yeyote kushusha kazi yake. Mimi nilichukuliwa kwa ajili ya Kifaransa changu kwenye vizuizi, na nilijivunia sana.

Mpaka kwenye kamba

Mvua ilikuwa imenyesha, na barabara ilikuwa laini kama bugali ambao haujaiva. Maboya tulikula maharagi na viazi kwa mama mmoja ambaye alimtazama Hadji akiweka nyama pembeni, akakasirika.

"Papa, hii nyama ina shida gani?"

"Mama, hapana shida. Ni ya nguruwe."

"Ndiyo. Na nguruwe mwenyewe alikuwa mukubwa!"

Kasereka alimsaidia Hadji kwa kula sehemu zote mbili, akisema anafanya hivyo kwa ajili ya umoja wa dini.

Mbele ya Kabasha, katika kijiji nisichokitaja kwa kuwa bado nategemea kupita pale, tulikuta kamba imekingwa barabarani. Walioishika walikuwa vijana wenye bunduki na ndala. Mkubwa wao walimwita Commandant. Alikuwa na umri wa miaka kama thelathini, buti za mpira miguuni na kofia ya sufu kichwani.

"Munabeba nini?"

"Mimbari," alisema Hadji.

"Mimbari njo nini?"

Hapo niliona zamu yangu imefika. Nilianza kwa Kifaransa, kutoka karne ya kwanza ya Uislamu: "Mon commandant, au premier siècle de l'islam…" Akaninyamazisha kwa kidole.

"Huyu ni nani?"

"Ni Prof," alisema Kasereka. "Anakuwaka hivyo. Itapita."

"Mufungue."

Kasereka alipinga. Kitu ya Mungu inafunuliwa pahali pake. Commandant akamwambia kwamba mahali pake ndipo hapa. Kamba zikafunguliwa, turubai likashuka, mashuka yakafuata, na mimbari ya Kasindi ikafunuliwa mbele ya mbuzi wawili na kundi la wapiganaji.

Ndugu zangu, ilikuwa nzuri. Mbao nyekundu ya msituni, imesuguliwa mpaka inang'aa kama ngozi ya mtu aliyepakwa mafuta. Na pande zote mbili, kutoka chini hadi juu, mzabibu ulipanda: shina linajipinda, majani, vikonyo, vishada vya zabibu vizito hata ungetaka kuvichuma. Juu, kwenye mgongo wa kiti, masuke ya ngano yamefungwa pamoja kwa utepe wa mbao.

Zabibu na ngano. Divai na mkate.

Nilimtazama Hadji. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Kasereka," alisema polepole, "hii ni nini?"

"Mapambo ya majani. Prof aliandika majani. Mie majani yangu njo haya. Miaka yote njo haya."

"Hii ni ya misa!"

"Kweli kabisa," alisema Commandant, naye alikuwa ameshapanda garini na anagusa kishada kwa kidole. "Hii ni ya misa. Mie nilikuwa mutumishi wa altare, hapana mutu wa kunidanganya. Hii mumeiba ku kanisa."

Msicheke. Miezi ile makanisa yalikuwa yameporwa, kalisi, vikombe vya misa, zikauzwa sokoni, na kila mtu alikuwa na hasira. Mwislamu aliyekutwa na altare kwenye gari lake si jambo la utani. Vijana wakasogea. Mmoja akavua ndala zake, jambo ambalo niligundua baadaye kwamba hufanya anapotaka kukimbia au kupiga.

"Hadji," alisema Commandant. "Hii kitu ni ya nani?"

Na Hadji Ramazani, mtu mkweli kuliko wote ninaowajua, aliitazama mimbari aliyoisubiri muda wote ule, akaona aibu itakayompata mbele ya watu wa Bwera, akasema kutoka moyoni:

"Hii hapana yangu."

"Kama hapana yako, inafanya nini mu Fuso yako?"

Kambini: somo langu lililosikilizwa

Walituweka chini ya paa la mabua, mimbari katikati. Uamuzi wa Commandant ulikuwa mwepesi: kitu hiki kitabaki hapa mpaka apatikane padri wa kukitambua. Padri wa karibu alikuwa amekimbia vita. Angerudi lini? "Mungu anajua," alisema Commandant, kwa heshima kubwa. Na Ijumaa ilikuwa inakuja.

Lazima nikiri hali yangu wakati huo. Hadji alikuwa na huzuni, Kasereka alikuwa na hasira, mimi nilikuwa na furaha isiyo na aibu. Kwa sababu mzabibu ule niliujua. Nilikuwa nimeusoma kwenye picha zisizo na rangi, kwa kioo cha kukuzia, nikiwa kijana. Mimbari ya zamani kuliko zote zinazosimama mpaka leo iko Kairuani, na mbao zake zimejaa mizabibu. Kuta za ndani za Kuba la Mwamba, Yerusalemu, zimejaa mizabibu na zabibu za vioo vya dhahabu. Fundi Kasereka alikuwa amechonga karne ya kwanza bila kuijua, na alifanya hivyo kwa sababu ileile ya mafundi wa kale: ndicho kitu ambacho mikono yake ilizoea.

Basi nilisimama nikaomba ruhusa ya kusema. Commandant hakuwa na kazi nyingine mchana ule.

Niliwaambia kwamba Waislamu wa kwanza waliotoka Arabuni walikuwa askari, wakilala kambini kama wao. Hilo liliwapendeza. Niliwaambia kwamba msikiti wa kwanza wa Basra ulikuwa wa matete, kama paa hili lililo juu yetu. Wakaangalia juu. Niliwaambia kwamba pale Kufa, mji mwingine wa askari hao, inavyosimuliwa, mtu alisimama katikati akarusha mshale kila upande, na mahali mishale ilipoanguka ndipo mji ulipoanzia, katikati ukabaki wa msikiti.

"Kila upande?" aliuliza yule aliyevua ndala.

"Kila upande."

"Alikuwa na mukono."

Niliendelea. Walipotaka kujenga kwa mawe hawakuwa na mafundi wa kutosha. Mafundi walikuwa Wakristo wa Shamu na wa Misri, wajenzi wa makanisa. Wakaitwa. Wakaambiwa: hapana sura ya mtu, hapana sura ya mnyama. Wakajiuliza, sasa tufanye nini? Wakafanya mizabibu. Nguzo za Kairuani zilitolewa kwenye majengo ya zamani, mengine makanisa, kila nguzo na kichwa chake, hakuna zinazofanana. "Kwa hiyo," nilisema, na sauti yangu ilikuwa inapanda, "Mkristo kumchongea Mwislamu zabibu si wizi. Ni jambo la kale kuliko misa ya kwanza iliyosomwa katika nchi yetu!"

Commandant alitikisa kichwa kwa kukubali. Kama ningekaa chini wakati huo, hadithi ingeisha. Lakini mwenye digrii hakai. Nilitaka somo likamilike, basi nikaongeza kwamba hata hivyo mimbari hazikupendwa na kila mtu. Kwamba gavana wa Misri alipojitengenezea moja, khalifa alimwandikia aivunje.

"Aivunje?" alisema Commandant.

Kasereka alifunika uso kwa mikono.

"Wakubwa wao wenyewe walisema ivunjwe?"

"Ile ya Misri," nilisema. "Ile moja tu."

"Mie nilikuwa natafuta kuni," alisema mwenye ndala, kwa utulivu.

Jani lililokunjwa

Kilichotuokoa ni majivuno ya Kasereka. Neno "kuni" lilimwinua kama aliyekalia moto.

"Kuni! Commandant, weye ulikuwa mutumishi wa altare wapi?"

"Luofu."

"Luofu wapi?"

Commandant akataja kikanisa cha kijijini kwao, upande wa mlimani.

"Kikanisa kya milango ya buluu? Na altare yake ina zabibu?"

"Ina zabibu."

"Nani alichonga?"

"Sijui. Nilikuta iko."

"Ulikuta iko! Mutu anaamka asubuhi anakuta altare iko, kama uyoga! Ni mie! Nilikaa kwenu masika nzima, nikala viazi byenu mpaka nikachoka. Unipe mbao."

Walimpa ubao wa kreti ya bia. Patasi na nyundo vilikuwa kwenye mfuko wake, kwa kuwa haendi hata msalani bila hivyo. Akapiga magoti, akaanza. Kwanza shina. Halafu jani, jingine, kishada. Vijana walisogea mmoja baada ya mwingine mpaka nikaacha kuona bunduki na nikaona migongo tu. Na mwishoni alifanya kitu ambacho mimi, msomi wa mapambo, sikuwa nimekiona: jani la mwisho alilikunja ncha, kama linavyokunjwa na jua.

"Hii," alisema, "fundi mwingine hapana fanya. Wote wanachonga jani limelala. Yangu moja linakunjwaka. Angalia ku mimbari."

Wakaangalia. Lilikuwepo, kona ya chini. Commandant aliinama, akalishika. Kisha akasema, si kwa sauti ya mkubwa tena, "Siku za misa ndefu nilikuwa nashika lile jani. Nilifikiri limeharibika. Nilikuwa nalinyoosha kwa kidole."

"Halikunyooka," alisema Kasereka.

"Halikunyooka."

Tulilala pale, tukala sombe ya majani ya muhogo na samaki wa chumvi, na asubuhi kamba ikashushwa. Ubao wa kreti ulibaki, umepigiliwa misumari juu ya mlango wa kibanda cha Commandant. Alitaka tu kujua kama habari ya mishale ya Kufa ni kweli. Nilimwambia ndivyo inavyosimuliwa.

Beni

Kutoka pale hadi Beni Hadji aliendesha bila kugeuka hata mara moja kutazama mzigo wake. Tulifika kwake, mkewe akatuwekea bugali na samaki wa Vitshumbi mkubwa wa kutosha watu wengine watano, na Hadji akaenda uani, akarudi na randa.

"Kasereka, ukwangue zabibu. Ngano nayo. Inabaki mbao tupu."

Kasereka alilamba vidole vyake kimoja kimoja kabla ya kujibu.

"Hadji, mimbari ni yako. Randa ni yako. Mukono ni wangu. Mukono umekataa."

Nikaona ni wakati wa kurudia somo langu, safari hii bila Misri. Nilizungumza juu ya Kairuani, juu ya Dameski, juu ya Kuba. Hadji alinisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu nilikuwa mgeni wake.

"Prof," alisema, "haya yote nakubali. Lakini bale walikuwa makhalifa. Walitwaa inchi nzima. Wakitia zabibu, nani atawauliza? Mie ni Hadji wa Fuso. Huku tuko kidogo, watu wanatuangalia. Batu ba Bwera wakija, watasema: munaona, Kasindi hawana mimbari, wameomba kiti kwa padri."

Katika kurasa zangu zote sikuwahi kuandika juu ya hilo: kwamba mshindi anaweza kuvaa pambo la mwingine na likamkaa, na mnyonge akilivaa anaulizwa alikoliiba. Alikuwa ameulizwa hivyo jana yake tu, mbele yangu.

Tukakubaliana jambo moja. Maalimu wa Kasindi, mhubiri wa msikiti ule, ndiye atakayeamua. Akikataa, mahubiri yatatolewa kwenye sanduku la sabuni, au kwenye kitu cha Bwera, na Kasereka atarudi na kazi yake kuiuza kwa padri wa kwanza atakayemkuta.

Kuteremka Semliki

Njia ya Kasindi inateremka kwenye joto, na kabla ya daraja la Semliki Fuso ilizama matopeni hadi kwenye ekseli. Tulilazimika kushusha mzigo ili gari liwe jepesi. Wanaume waliokuwa wakipita wakatusaidia, wakaibeba mimbari begani, imefungwa tena mashuka yake meupe, na kundi la mama waliotoka sokoni walipoona kitu kirefu cheupe kikibebwa na wanaume wenye nyuso nzito, waliweka vikapu chini na kuanza kulia.

Walilia vizuri sana. Mmoja aliuliza katikati ya machozi ni mtoto wa nani.

"Mama, hapana maiti," alisema Hadji kwa haraka. "Ni ngazi."

Mama akapangusa macho. "Ngazi ya kupanda wapi?"

Mama akamtazama, akaangalia shuka, akasema basi kilio chake hakirudi nyuma, kimwendee ndugu yeyote aliyekufa katika vita hivi bila kuliliwa. Akabeba kikapu chake. Fuso ilipotoka, nilimwona Hadji akipangusa tope kwenye pembe ya shuka kwa mkono wa kanzu yake.

Kasindi

Tulifika Alhamisi, katikati ya malori, wabadilisha pesa na vumbi. Nilikuwa nimemwazia maalimu kuwa mzee mwenye ndevu nyeupe. Tulimkuta mtu wa makamo mwenye kalamu sikioni: siku za juma ni déclarant, mwandikishaji wa mizigo forodhani, Ijumaa ni mhubiri. Jina lake Maalimu Saidi. Alikuwa na haraka, kwa kuwa lori la saruji lilikuwa linamsubiri.

Kasereka alifunua mwenyewe, ndani ya msikiti, mahali pake hatimaye. Alivuta mashuka polepole kama anavyofanya mbele ya maaskofu. Hadji alisimama nyuma kabisa, karibu na viatu.

Maalimu aliizunguka mimbari kama anavyozunguka mzigo wowote.

"Binadamu?"

"Hapana," nilisema.

"Munyama? Ndege?"

"Hapana."

"Musalaba?"

"Hapana," alisema Kasereka. "Hamukuomba."

"Asili?"

"Butembo. Mususa."

Maalimu akatoa kalamu sikioni, akaigusisha kwenye kishada. "Hii ni zabibu. Peponi kuna zabibu, kila mutoto wa madrasa anajua. Hii juu ni ngano." Alihesabu kwa kalamu, midomo ikicheza. "Masuke saba. Nani alikuambia uweke saba?"

"Mie huwa naweka saba," alisema Kasereka.

"Punje moja, masuke saba," alisema Maalimu, kama mtu anayekumbushwa aya ya Kurani. "Eh. Nilikuwa sina mahubiri ya kesho. Sasa ninayo." Akarudisha kalamu. "Shida ilikuwa wapi?"

Nilimtazama Hadji, na Hadji alikuwa anaviangalia viatu.

Ijumaa watu wa Bwera walikuja na mkeka mzuri wa zawadi, na mimbari yao ya zamani juu ya pick-up, kwa tahadhari. Mimi na Kasereka tulikaa nje dirishani na kusikiliza. Maalimu Saidi alipanda zile ngazi na alionekana kuwa mtu mwingine. Alizungumza juu ya mwenye kutoa, ambaye kitu chake kimoja kinakuwa kama punje inayozaa masuke saba, na alisema mengi mengine ambayo Kasereka hakuyasikia, kwa sababu alikuwa akiniambia sikioni, kila baada ya sentensi, kwamba sauti inasikika vizuri kwa sababu ya unene wa mbao.

Walipotoka, mkubwa wa wageni alibaki mlangoni akiitazama.

"Mmeitoa wapi hii? Kampala?"

"Hapana," alisema Maalimu, na akasubiri.

"Mombasa?"

Hapo Hadji Ramazani alitoka kule nyuma. Nilimwona akipita katikati ya watu, kanzu yake bado ina tope la Semliki mkononi.

"Hii ni yetu," alisema. "Imechongwa Butembo, pale Mususa. Mwenye kuichonga njo ule mukubwa ku dirisha. Mukatoliki. Ameichora ule mwembamba pembeni yake, Mukatoliki naye, anajua misikiti yote ya dunia, mutamusikiliza kama muna siku nzima. Njiani niliulizwa ni ya nani, nikasema hapana yangu. Leo nasema mbele yenu: ni yangu, ni yetu, na zabibu zake ni zetu."

Mgeni aliingiza mkono akashika jani la kona ya chini, lile lililokunjwa, akajaribu kulinyoosha.

"Na masuke saba," alisema, "fundi, ulijua maana yake?"

Nilimkanyaga Kasereka mguu. Haikusaidia.

"Sakramenti!" alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka forodhani. "Ziko saba. Naweka zote. Sipunjaka mutu."

Kicheko kilichotokea hapo sijawahi kukisikia tangu vita vianze. Maalimu alicheka mpaka kalamu ikamtoka sikioni. Na kabla ya jua kuzama, watu wa Bwera walikuwa wameagiza ya kwao. Kasereka aliuliza wanataka mapambo gani. Zabibu, wakamjibu, kana kwamba ameuliza jambo la kitoto.

Kurudi

Pick-up ya Bwera ilirudi na mzigo wake kama ulivyokuja. Sisi tulirudi na Fuso tupu, isipokuwa sanduku la sabuni. Maalimu alinipa akisema kwamba mtu anayejua misikiti yote ya dunia anahitaji mahali pa kusimama. Nilijibu kwamba mimbari ya kweli ya mwanzo haikuwa kubwa kuliko hili, na nilikuwa naanza kueleza, lakini Hadji aliwasha gari.

Kwenye kamba ya Commandant hatukushuka. Ubao wa kreti ulikuwa bado juu ya mlango wake, na mtu alikuwa ameupaka mafuta. "Prof!" yule mwenye ndala alipiga kelele. "Kila upande?" "Kila upande!" nilimjibu, na Kasereka akaniambia kwamba nimepata mwanafunzi mmoja maishani, nisimpoteze.

Basi ndiyo habari ya sanduku. Katembo ananiambia angalau nilipake rangi. Silipaki. Nimelikalia sasa hivi ninapoandika, na kwa mtu ambaye baba yake alitaka asomee maharagi, nimekaa juu sana.